Ndiyo, Niliunda Ndege ya Mbeberu. Na Mabomu Nikaiwekea

Jumamosi moja nilikuwa stejini hapa Mweiga na katoni ya sabuni mkononi, ndani kuna ndege. Jamaa mmoja wa boda, mkubwa wangu kidogo, akachungulia. Akapenda. Akauliza ni ya aina gani. Nikamwambia ni Harvard, ya jeshi la anga la Uingereza, ile ilikuwa inarukia hapa hapa kwetu kwenda kupiga mabomu msituni wakati wa Mau Mau. Uso wake ukabadilika. "Sasa wewe, mtoto wa hapa, umekaa chini ukaunda ndege ya mbeberu? Umekosa kazi?"

Kukosa kazi ni kweli, hiyo sipingi. Lakini hilo swali lingine limenikaa kichwani wiki nzima, na kwa sababu steji si mahali pa kujibu mtu kwa urefu, wacha nimjibu hapa. Nyinyi wengine mskize tu.

Kwanza stori yenyewe, maana nimegundua hata watu waliozaliwa Mweiga hawaijui. Ukisema Mweiga watu wanafikiria geti la mbuga ya Aberdare, wageni wanaopelekwa The Ark kuona ndovu usiku, na baridi. Wengi hupita tu wakienda Nyahururu. Lakini kuna uwanja wa ndege hapa, na huo uwanja una historia. Serikali ya mkoloni ilitangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952. Mwaka uliofuata, 1953, RAF wakaleta kikosi kidogo kilichoitwa 1340 Flight, kutoka Rhodesia Kusini, ambayo sasa ni Zimbabwe. Walikaa Thika kwanza, halafu wakasogezwa Mweiga. Sababu ni rahisi, simama hapo uwanjani uangalie magharibi. Msitu ndio huo. Ukipaa, kabla hujamaliza kukunja magurudumu umeshafika Nyandarua.

Ndege zao zilikuwa Harvard. Na hapa ndipo mimi hucheka vibaya, kwa sababu Harvard haikuwa hata ndege ya vita. Ilikuwa ndege ya mafunzo. Viti viwili, mwanafunzi mbele, mwalimu nyuma. Maelfu ya marubani wa Vita vya Pili vya Dunia walijifunzia kwa hiyo kitu. Yaani ilikuwa darasa lenye mabawa. Wakachukua hilo darasa, wakalifunga bunduki moja na mabomu madogo ya ratili 20 chini ya mabawa, wakalituma juu ya msitu ambao watu wetu walikuwa wamejificha. Baadaye wakaongeza Lincoln, ndege kubwa za injini nne zilizokuwa zinatoka Eastleigh, Nairobi, na mabomu ya ratili 500 na 1,000. Hiyo ngoma ilichezwa hadi 1955, mwaka ambao kikosi cha 1340 kilivunjwa. Halafu cheki hii: injini ya Harvard inaitwa Pratt & Whitney R-1340. Kikosi 1340, injini 1340. Hiyo haina maana yoyote, ni sadfa tu, lakini niliigundua saa nane usiku na sikuwa na mtu wa kuambia, kwa hivyo nawaambia nyinyi.

Sasa, kuunda.

Nilitoka chuo mwaka wa pili. Karo. Sitasema chuo gani, na si stori ya kulia, iko tu hivyo. Kitu kimoja nilitoka nacho ni shiti tatu za balsa zilizobaki kwa mradi wa darasa ambao sikuwahi kumaliza. Balsa ni mti wa nchi za joto za Amerika, nyingi ya ile inayouzwa duniani hutoka Ekwado, na ni mwepesi mpaka ukibeba unahisi umedanganywa. Lakini usiudharau. Kuna ndege ya vita ya ukweli, de Havilland Mosquito ya Waingereza, iliyokuwa na balsa katikati ya mbao zake, na ilikuwa moja ya ndege za kasi zaidi za wakati wake. Hizo shiti zangu zilikaa juu ya kabati ya shosho miaka miwili zikinitazama. Kila nikilala kwake nilikuwa naziona.

Mpango wangu wa kwanza ulikuwa Spitfire. Wacha niwe mkweli. Kila mtu huunda Spitfire. Ukiingia YouTube kutafuta ndege za raba na balsa unapata Spitfire, Mustang, Zero ya Wajapani, Messerschmitt, halafu Spitfire tena. Wazee wa Uingereza wakiwa kwa gereji zao safi, na vikombe vya chai. Nilikuwa nimeshahifadhi hata ramani yake. Kilichonigeuza ni shosho. Nilikuwa nacheza vidio moja ya Harvard ikipaa, simu ikiwa juu ya meza jikoni, na yeye alikuwa anachambua maharagwe. Hakuwa anaangalia. Aliposkia ule mlio aliacha maharagwe. Harvard ina mlio wake, kama mtu anapasua shuka refu angani, kwa sababu ncha za propela zinazunguka karibu na kasi ya sauti, wakati mwingine kuipita. Akasema, kwa Kikuyu, "Hiyo ilikuwa inapita asubuhi." Halafu akarudi kwa maharagwe.

Miaka themanini na kitu. Simu ya elfu kumi, spika imeingia maji. Na akaitambua.

Basi Spitfire ikaisha hapo.

Harvard ya ukweli ina upana wa mabawa futi 42. Mimi nilichagua kipimo cha moja kwa ishirini na nne, kwa hivyo yangu inatoka inchi 21, kama sentimita 53. Ramani nilipeleka saiba kuprinti, na huu ndio ushauri wa bure utakaokuokolea wiki mbili: mwambie mtu wa saiba asiruhusu kompyuta ipunguze picha itoshee karatasi. Msichana wa huko aliprinti vizuri sana, karatasi nne, safi, na mimi nikakata mbavu zote za bawa la kushoto kabla ya kugundua kuwa kila kitu kimepungua kidogo. Kuna mstari wa kupimia pembeni mwa ramani. Uko hapo kwa sababu. Weka rula kwanza.

Kazi yenyewe inaenda hivi. Unaweka ramani juu ya ubao laini (mimi nilitumia kipande cha silingi iliyoanguka), unafunika na nailoni ya mkate ili gundi isishike karatasi, halafu unapiga pini na kujenga fremu juu ya mchoro kama mifupa ya samaki. Mbavu za mabawa ni vipande vya milimita moja na nusu. Mwili ni fremu za mviringo zilizounganishwa na vijiti virefu, na kila kijiti ukikibana sana kinapinda, ukikilegeza kinatokeza kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Wembe lazima uwe mpya. Wembe mzee haukati balsa, unaiponda. Nilimaliza pakiti nzima za duka la jirani mpaka akaniuliza kama kuna shida nyumbani.

Raba ilinisumbua kuliko yote. Sisi wote tuliokulia huku tunajua blada, tulitengeneza nayo feya, tulilenga ndege wa kweli. Nikajaribu blada ya baiskeli, nimeikata nyembamba. Haifai. Ni nzito na ina nguvu kidogo, inazungusha propela kama mtu amelazimishwa. Raba bendi za mama mboga, zikiunganishwa kwa mafundo, ni afadhali, lakini hukatika ukifika mizunguko mingi na zikikatika ndani ya mwili wa balsa zinararua kila kitu. Mwishowe nilitumana Nairobi nikapata raba bapa ya washonaji, nikaifunga kitanzi, nikaipaka mafuta ya mbarika ili nyuzi zisisuguane. Hiyo ya mafuta si ushirikina. Raba iliyopakwa inakubali mizunguko mingi zaidi kabla ya kukatika, na unaivuta nje kwanza ukiizungusha, mara tatu nne ya urefu wake, ukirudi ndani polepole. Wazo lenyewe ni la zamani: Mfaransa anaitwa Alphonse Pénaud alirusha ndege ya raba Paris mwaka 1871, sekunde 11, karibu mita 60. Wakati huo hakuna binadamu aliyekuwa amepaa kwa ndege yenye injini.

Kufunika nilitumia karatasi laini za kufungia zawadi. Unapaka gundi pembeni tu, unanyunyiza maji, na ikikauka inajivuta yenyewe mpaka inalia kama ngoma ukiigonga na kidole. Hiyo ni raha ambayo siwezi kuielezea vizuri. Unalala ukiwa na kitu cha makunyanzi, unaamka kimenyooka. Juu yake nikapaka gundi nyeupe iliyochanganywa na maji, mara mbili.

Halafu ikaja rangi, na hapa ndipo niko na maoni.

Rangi ni uzito. Nilikuwa napima kila hatua kwa mizani ya keki ya auntie yangu. Mifupa mitupu gramu 19. Na karatasi, 24. Baada ya rangi, 31. Gramu saba za urembo! Kwa ndege ya raba hiyo ni karibu kama kumbebesha mtoto mkoba wa babake. Kuna watu kwa huu mchezo wanasema usipake kabisa, tumia karatasi yenye rangi. Wana pointi. Lakini mimi nilitaka ifanane. Ndege nyingi za mafunzo za RAF za miaka ile zilikuwa rangi ya fedha na mikanda ya njano, basi nikapaka fedha, nikazungusha mikanda, nikachora zile duara za bluu, nyeupe na nyekundu, nikaweka vioo vya chumba cha rubani kutoka kwa chupa ya maji ya plastiki. Nilichora hata mistari ya vipande vya bati kwa penseli. Wiki tatu. Nyeusi ya propela, kutex ya binamu yangu. Ilitoka fiti. Ilitoka fiti mpaka nikaogopa kuirusha.

Nikampelekea shosho.

Anaishi karibu na mpaka wa msitu, upande wa Tetu, na kwa sababu nimepewa jina la babu, yeye huniita mume wake. "Mume wangu ameleta nini leo?" Nikampa. Aliishika vizuri, kwa mikono miwili, vile anashika vifaranga. Nilikuwa nangoja aangalie vioo. Aangalie mikanda. Yeye akaigeuza chini juu, moja kwa moja, akakaa akiangalia tumbo.

Sasa tumbo sikuwa nimefanya chochote. Hakuna mtu hufanya tumbo. Ndege ikikaa kwa meza nani ataona huko chini? Nilipaka fedha mara moja, nikaacha. Kulikuwa hata na alama ya gundi.

Akasema, "Sisi tuliiona upande huu tu."

Halafu akauliza yale mayai yake yako wapi.

Mayai. Hilo ndilo neno lake. Alikuwa na kama miaka kumi. Alisema mamake alikuwa amewafundisha, wakiskia mlio, walale kwa shamba la viazi na wasiangalie juu, na yeye kila siku alikuwa anaangalia. Mabomu yenyewe hayakuwaangukia wao, yalienda msituni, lakini alikuwa anayaona yakiwa bado yamening'inia, na ndege ikirudi anahesabu kama zimepungua. Kaka yake mkubwa alikuwa huko ndani. Yaani alikuwa anahesabu. Mtoto wa miaka kumi, amelala kwa viazi, anahesabu mayai yaliyorudi. Sikuuliza kaka alirudi au hakurudi, kwa sababu picha yake haiko kwa ukuta wa mtu yeyote kwetu, na nilikuwa najua.

Ndio maana nimeandika hii. Sikiza, mimi sina shida na mtu anayeunda ndege ya vita. Ni nzuri. Nitasema waziwazi kwamba ni nzuri, na hiyo ndiyo sehemu inayonitisha, na huyo jamaa wa boda ndio aliigusa bila kujua. Lakini angalieni vile sisi huonyeshwa. Ramani inaonyesha ndege kwa upande na kwa juu. Picha ya boksi inaonyesha ikipaa kwa mawingu. Vidio inachukuliwa kutoka ndege nyingine, iko sambamba, jua linametameta. Na zile gemu mnacheza kwa simu, kamera iko nyuma ya mkia, wewe ndiye rubani, chini ni rangi ya kijani tu. Hakuna gemu nimecheza ambayo umelala kwa shamba la viazi. Sisi vijana wa Nyeri tumejifunza kuona ndege iliyowapiga shosho zetu kutoka kiti cha aliyewapiga. Mimi mwenyewe, miezi mitatu nikiiunda, sikuwahi kuigeuza.

Kwa hivyo nikimjibu yule jamaa: ndiyo, ni ya mbeberu. Ningeunda nini? Spitfire, ambayo haikutufanyia chochote, ndio niwe salama? Hiyo Spitfire mtu angeniona nayo stejini angesema kijana ana kipaji. Harvard ndiyo ya hapa. Uwanja wake uko hapa. Nikiiacha kwa sababu ni ya aibu, basi inabaki kwa wale wazee wa gereji, na wao wataiunda bila mayai.

Mjomba wangu naye ana maoni tofauti, na sitamficha. Yeye anasema mambo ya Mau Mau yamechosha, kwamba kila familia huku ina mtu wa msituni na mtu wa hom gadi, wakati mwingine ni nyumba moja, na ukichokonoa utapata ya babako mwenyewe. Anasema Waingereza walishalipa. Ni kweli kwamba mwezi wa Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 walioteswa kambini. Hiyo ilikuwa ya mateso. Kwa upande wa kuchokonoa, mjomba ana haki, na mimi sikuunda sanamu ya shujaa wala ya msaliti. Niliunda mashine. Mashine haina ukoo wa kuaibisha. Unaweza kuiweka kwa meza ya nyumba yoyote huku na kila mtu akaongea juu yake bila kutaja jina la jirani, na nimeona ikifanya hivyo. Wazee wawili walioketi nje ya duka la dawa za mifugo waliongea saa nzima. Mmoja aliniambia juu ya zile ndege nyingine zilizokuwa na vipaza sauti, zikizunguka juu ya msitu kuambia watu watoke wajisalimishe. Mwingine alisema mabomu yaliua ndovu na nyati kuliko watu, na kwamba wanyama waliojeruhiwa ndio walikuwa hatari kwa waliojificha. Hilo la wanyama utalikuta hata kwa stori za waliokuwa msituni. Kama unataka kusoma, Karari Njama, mwalimu aliyepigana huko Nyandarua pamoja na Dedan Kimathi, ana kitabu alichoandika na Donald Barnett, *Mau Mau from Within*, cha 1966. Si cha mtihani, kwa hivyo hakuna mtu alikulazimisha. Tafuta.

Na wale wa kusema hii ni hobi ya wazungu na pesa: balsa nilikuwa nayo, sawa, lakini hizo zingine zote, wembe, gundi, karatasi, raba, hazikufika bei ya viatu vyenu. Msinianze.

Nilirudi nyumbani nikafanya tumbo. Nilikata vijiti vya pipi, sentimita mbili na nusu kila kimoja, nikavichonga ncha, nikaweka mapezi ya karatasi nyuma. Vinane. Vinne kila bawa, kwenye vishikio vya waya wa uzi wa stepla. Nikachora madoa ya mafuta ya injini yanayotiririka kutoka puani kwenda nyuma, kwa sababu injini ya duara kama hiyo huvuja, na aliyelala chini ndiye anayeona. Siku nne za kazi kwa mahali ambapo hakuna mtu hutazama.

Uzito ukapanda tena, gramu tatu. Na gramu tatu chini ya mabawa si kama gramu tatu kwa pua, kila kijiti kinashika upepo.

Kurusha tulienda uwanja wa shule ya msingi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla upepo haujashuka kutoka mlimani. Unaanza bila kuzungusha raba. Unapiga magoti kwa nyasi ndefu, unaisukuma polepole, uone inavyoteleza. Yangu ilipiga pua juu, ikasimama hewani, ikaanguka. Hiyo ni kusema mkia ni mzito. Nikabandika shilingi moja ndani ya pua. Ikateleza. Halafu mizunguko 100, halafu 200, na kila mara inakunja kushoto kwa nguvu kwa sababu raba ikisukuma propela upande mmoja, mwili nao unataka kuzungukia upande wa pili. Dawa ni kuelekeza propela kulia kidogo na chini kidogo, kwa kipande cha kadi ya skrachi nyuma ya pua. Kadi moja kushoto, mbili juu. Kumbukeni pia tuko zaidi ya futi 6,000 hapa, hewa ni nyembamba, mabawa yanapata kidogo cha kushika. Wale wa Mombasa wangefurahi na ndege yangu. Marubani wa Harvard nao hawakuwa na raha: kilele cha juu kabisa cha Nyandarua kinapita futi 13,000 na mawingu huko hayana ratiba.

Bila mabomu, mizunguko 400: sekunde 17. Nilipiga kelele kama mjinga. Ilizunguka uwanja nusu, juu ya paa la darasa la nne, ikashuka yenyewe.

Na mabomu: sekunde 8. Inapaa kwa uchungu, inainamisha bawa, inatafuta ardhi.

Rafiki yangu aliyekuwa anashika kamera akaniambia, toa hizo vitu, tupate klipu safi, utazirudisha ukifika nyumbani. Nani atajua? Na manze nilifikiria. Klipu ya sekunde 17, jua likitoka, Mlima Kenya nyuma kabisa umejifunua kama umelipwa. Hiyo ingeenda mbali. Ya sekunde 8 haiendi popote.

Ile nimeweka ni ya sekunde 8. Wale mmeuliza mbona inaruka vibaya hivyo, ni hivyo.

Ilipotua mara ya mwisho ilipitia ua la kei apple ikaangukia upande wa nyumba za walimu. Kijana mmoja wa kama miaka tisa akaileta, ameishika juu chini, tumbo likiwa juu, kwa sababu hivyo ndivyo ilikuwa imeanguka. Karatasi ya bawa moja imepasuka, si mbaya, hiyo ni kiraka cha dakika tano. Alikuwa anahesabu na kidole.

"Hizi ni nini?" akaniuliza.

Nikamwambia ni mabomu.

"Ziko saba."

Nikaangalia. Kulikuwa na saba. Tukarudi naye kwa nyasi kutafuta ya nane, mimi, yeye na rafiki yangu, mpaka kengele ya saa mbili ikalia hata ingawa ilikuwa Jumamosi, hatukuipata.